Supu ya Saa Nne Ndani ya Grafu ya Vifuko vya Seli

Grafu mbili zilipangwa moja juu ya nyingine kwenye kioo cha kompyuta, na tofauti ilionekana hata kabla ya mtu kugusa hesabu za takwimu. Grafu ya wagonjwa wa malaria ilikuwa na kilele kimoja chembamba, karibu na nanomita 100. Grafu ya watu wenye afya ilianzia hapohapo, lakini ilitanuka na kutambaa hadi kupita nanomita 300, na idadi ya chembe kwa kila mililita ya plazima, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli, ilikuwa juu zaidi. Mwanafunzi wa uzamili aliyefanya kazi hiyo, katika maabara moja maeneo ya Upanga, Dar es Salaam, alikuwa ameshaanza kuandika sura ya matokeo: malaria hupunguza vifuko vinavyotolewa na seli, na vinavyobaki ni vidogo.

Shida ni kwamba yote yanayojulikana kuhusu malaria na vifuko yanakwenda upande wa pili. Mwaka 2004 watafiti waliochunguza watoto wa Malawi walionyesha kwamba waliofikia hali ya koma kwa malaria kali walikuwa na vifuko vingi zaidi vilivyotoka kwenye kuta za ndani za mishipa ya damu. Mwaka 2013 makundi mawili tofauti ya watafiti yalionyesha kwamba seli nyekundu zilizoingiliwa na Plasmodium falciparum hutoa vifuko, na kwamba vimelea huvitumia vifuko hivyo kupelekeana ujumbe. Kwa kifupi, malaria huviongeza. Grafu ya Upanga ilisema inavipunguza.

Msimamizi wa mwanafunzi huyo aliniomba nikae nao tuipitie data upya. Nakieleza kisa hiki kwa urefu, bila majina ya watu wala taasisi, kwa sababu vijana wengi nchini sasa wanavutiwa na vifuko hivi, na kilichowakuta wenzetu wa Upanga kinaweza kumkuta yeyote anayepima ukubwa wa chembe zilizomo kwenye damu ya binadamu.

Kinachotafutwa

Karibu kila seli ya mwili hutoa vifuko vidogo vilivyozungukwa na utando wa mafuta wa tabaka mbili, vikiwa vimebeba protini, RNA na vitu vingine vya seli mama. Baadhi huchomoza kwenye utando wa nje wa seli na kukatika, na hivyo huwa na kipenyo cha kati ya nanomita 100 na 1000. Vingine huundwa kwanza ndani ya seli kisha hutolewa nje, na hivi ndivyo vinavyoitwa eksosomu, takriban nanomita 30 hadi 150. Ukitaka kujua udogo wake, seli nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, kwa hiyo vifuko vya nanomita 100 vingehitaji kupangwa 70 na zaidi ili kuvuka seli moja. Hadubini ya kawaida ya mwanga haitofautishi vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi.

Mwaka 1967 Peter Wolf, nchini Uingereza, aliviona vifuko vya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, akaviita vumbi. Miaka ya 1980 Rose Johnstone wa Montreal, akifanya kazi na seli nyekundu changa za kondoo, alionyesha jinsi zinavyotumia vifuko kutupa vipokezi zisivyovihitaji tena zinapokomaa, na jina la eksosomu likashika kutokana na kazi hiyo. Kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa taka tu. Leo vinatafutwa kwa hamu, kwa kuwa kifuko kilichotoka kwenye ini, kwenye ubongo au kwenye uvimbe wa saratani kinaweza kunaswa ndani ya mrija wa damu, bila kukata nyama ya mgonjwa. Katika nchi ambayo vipimo vya kukata nyama na mashine kubwa za picha haviko karibu na kila mtu, mtu anaweza kuelewa kwa nini mwanafunzi wa Dar es Salaam aliamua kutumia miaka yake ya masomo hapo.

Mashine inaona nini hasa

Mashine waliyokuwa nayo, ya kuazima, ni ya kufuatilia chembe moja moja. Sampuli huchanganywa na maji ya chumvi yaliyochujwa vizuri, huingizwa kwenye chumba chembamba, kisha mwale wa leza hupitishwa pembeni. Kamera iliyounganishwa na hadubini haioni umbo la chembe. Huona nukta za mwanga, kwa jinsi vumbi la chumbani linavyoonekana pale mwale wa jua unapopenya kwenye ufa wa dirisha: punje yenyewe ni ndogo mno kwa jicho, ila mwanga inaoutawanya unaonekana.

Nukta hizo hazitulii. Molekuli za maji huzigonga kila upande, na chembe huchezacheza bila mwelekeo. Robert Brown aliueleza mwendo huo mwaka 1827, na mwaka 1905 Albert Einstein akauwekea hesabu. Chembe ndogo hutangatanga haraka, kubwa hujikokota. Programu hufuatilia kila nukta picha baada ya picha, hupima imesogea kiasi gani, na kwa kutumia joto na mnato wa kimiminika hukokotoa kipenyo cha tufe ambalo lingesogea hivyo.

Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo ya mwisho, maana kisa chote kimelalia hapo. Mashine inapima mwendo. Ukubwa ni hitimisho linalotokana na mwendo, na jina la kitu kilichosogea halimo kabisa ndani ya hesabu. Kifuko cha seli, tone la mafuta, kipande cha seli iliyopasuka, chumvi iliyoganda, vyote vikisogea kwa kasi moja vitapewa nanomita zilezile.

Kuna la pili. Kabla chembe haijafuatiliwa ni lazima ionekane, na kuonekana hakugawiwi kwa usawa. Kwa chembe ndogo sana kuliko wimbi la mwanga, kiasi cha mwanga unaotawanywa hupanda kwa kipeo cha sita cha kipenyo. Kifuko cha nanomita 100 hutawanya mwanga mara 64 ya kifuko cha nanomita 50 cha aina ileile. Chembe zikikua zaidi kanuni hiyo hulegea, lakini mwelekeo unabaki: kubwa zinang'aa mno, ndogo zinazama gizani. Isitoshe, kitu chenyewe kimeundwa na nini ni jambo lenye uzito. Vifuko vya seli vimejaa maji, hivyo vinapinda mwanga kwa kiasi kilicho karibu sana na maji yanayovizunguka. Tone la mafuta hupinda zaidi. Shanga za polistairini zinazotumika kuhakiki mashine hupinda zaidi sana, na kwa kipenyo kilekile ushanga huweza kutawanya mwanga zaidi ya mara 20 ya kifuko.

Ndiyo maana nilipoambiwa kwamba mashine ni salama kwa sababu shanga za nanomita 100 zilisomeka 100, nilikubali nusu. Shanga zilithibitisha kwamba hesabu ya mwendo ni sahihi. Hazikuthibitisha kwamba mashine inaviona vifuko vya nanomita 50, na kwa kweli mashine nyingi za aina hii huviacha vingi vilivyo chini ya 60 au 70.

Joto na chembe sahani

Mtu wa kwanza kutiliwa shaka, kama kawaida ya Dar es Salaam, alikuwa joto. Kiyoyozi cha chumba kile hakikuwa cha kutegemewa, na msimamizi aliwaza kwamba huenda makundi mawili yalipimwa siku zenye joto tofauti. Ni shaka ya haki. Mnato wa maji kwenye nyuzi 20 ni takriban milipaskali-sekunde 1.00, kwenye 25 ni 0.89, na kwenye 30 ni 0.80. Chumba kikiwa nyuzi 30 huku programu imeelezwa kuwa ni 25, chembe ya nanomita 100 itaandikwa kuwa 88. Ikiwa programu imeachwa kwenye 20, itaandikwa 77.

Lakini hesabu hiyohiyo inamwachia huru mshukiwa. Ili joto peke yake ligeuze 100 kuwa 200, mnato ungepaswa kukosewa karibu mara mbili, na hakuna chumba cha Upanga kinachoweza kufanya hivyo. Zaidi ya hayo, kosa la joto lingesogeza grafu nzima kushoto au kulia bila kuipanua. Ya watu wenye afya ilikuwa imepanuka. Kumbukumbu za kipimajoto cha mashine zilipofunguliwa, siku zote zilifanana.

Chembe sahani zilikuwa na hoja nzito zaidi, na niliipa muda. Wagonjwa wa malaria mara nyingi huwa na chembe sahani chache. Kama plazima ya watu wenye afya ilibaki na chembe sahani ndani yake kisha ikagandishwa, zingepasuka na kumwaga vifuko na vipande, na kundi la wenye afya lingeonekana tajiri kwa sababu ya friza tu. Hapa mwanafunzi alikuwa amejikinga vizuri. Alizungusha damu kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 2500 g, yaani mara 2500 ya nguvu ya uvutano, dakika 15, akahamisha plazima bila kugusa chini, akaizungusha tena vilevile. Kipimo cha CD41, alama ya chembe sahani, hakikuonyesha tofauti ya kueleza mlima ule.

Wawili wa Alhamisi

Ufumbuzi ulitoka kwa mteknolojia wa maabara, mama aliyekuwa akipokea watu na kuwatoa damu. Alikuwa akitusikiliza tunavyobishana kuhusu mnato. Akauliza kwa nini watu wawili wa kundi la wenye afya walikuwa na grafu nyembamba kama za wagonjwa. Hatukuwa tumewaona, maana tulikuwa tunatazama wastani wa kundi zima.

"Hawa nawakumbuka, Dokta," alimwambia msimamizi. "Wote wa Alhamisi. Baada ya kuwatoa damu niliwapa soda na biskuti, wakaniambia, hapana mama, tumefunga sunna."

Msimamizi alinyamaza, kisha akamuuliza, "Na wengine, mama, walikuwa wamekula?"

"Hao wengine ni vijana wa kijiwe cha bodaboda pale nje. Wanakuja saa nne. Saa nne kijana wa bodaboda ameshapiga supu na chapati mbili."

Wagonjwa walikuwa hadithi nyingine. Malaria imepungua sana Dar es Salaam ukilinganisha na Kigoma au Geita, kwa hiyo kupata kila mgonjwa kulichukua muda, na wengi walikuwa wametoka safari mikoani. Walifika kliniki alfajiri na homa, kichefuchefu, mdomo mchungu. Aliyekunywa chai ya rangi nusu kikombe alikuwa amejitahidi. Hakuna aliyewaambia wasile. Ugonjwa uliwafungisha.

Hapo ndipo daftari la sampuli lilipofunguliwa upya. Kwenye safu ya maelezo, mkono wa mteknolojia huyohuyo ulikuwa umeandika mara nyingi kwa kundi la wenye afya: plazima nyeupe, rangi ya maziwa. Maelezo hayo yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Hayakuhamishiwa kwenye jedwali la kompyuta, kwa kuwa jedwali halikuwa na mahali pa kuyaweka. Nasema hili kwa msisitizo: mtu aliyeshika mrija kwa mkono wake alikuwa na habari ambayo mashine ya mamilioni haikuwa nayo.

Mafuta yanayovaa sura ya vifuko

Mtu akila mlo wenye mafuta, utumbo huyafunga mafuta hayo ndani ya matone yaitwayo kilomikroni na kuyaingiza kwenye damu. Ukubwa wa kilomikroni huanzia karibu nanomita 75 na kupita 600. Hizo ndizo hufanya plazima iwe nyeupe. Saa tatu au nne baada ya mlo huwa nyingi zaidi, kisha hupungua, na baada ya kukaa usiku mzima bila kula karibu zote huwa zimeondoka kwenye damu. Ini nalo hutoa matone yake, lipoprotini zenye densiti ndogo sana ziitwazo VLDL, za nanomita 30 hadi 80. LDL ni ndogo zaidi, karibu 20.

Weka vipimo hivyo kando ya vipimo vya vifuko vya seli. VLDL inakaa palepale penye eksosomu. Kilomikroni inakaa palepale penye vifuko vikubwa. Na kwa idadi, lipoprotini za plazima huzidi vifuko kwa mbali sana. Kilichookoa grafu za siku zote ni kwamba LDL na wenzake wadogo hawaonekani na kamera. Kilomikroni, kubwa na yenye mafuta matupu, inaonekana vizuri kuliko kifuko chochote.

Na haiishii kujiongeza kwenye idadi. Nukta zake kali huifanya kamera ipunguzwe mwanga, na nukta hafifu za vifuko vidogo hupotea kabisa. Kwa hiyo grafu ya kijana aliyekunywa supu ilikosewa pande zote mbili kwa mpigo: kulia iliongezewa kisichokuwa kifuko, kushoto ilinyang'anywa vifuko vyake.

Unaweza kudhani kwamba safu ya kuchuja kwa ukubwa, waliyoitumia kusafisha sampuli, ingeondoa mafuta. Isingeweza. Safu hiyo hutenganisha vikubwa na vidogo. Huondoa protini huru na HDL, lipoprotini nyingine ndogo, vizuri, lakini kilomikroni na VLDL hutoka kwenye tundu moja na vifuko, kwa sababu zina ukubwa mmoja navyo. Kinachozitofautisha ni densiti, yaani uzito kwa ujazo. Kilomikroni huelea, densiti yake ni chini ya gramu 0.95 kwa mililita. VLDL iko chini ya 1.006. Vifuko vingi viko kati ya 1.10 na 1.19. Ajabu ni kwamba HDL, ambayo ni ndogo mno, ina densiti inayoingiliana na ya vifuko, kwa hiyo anayetenganisha kwa densiti peke yake huibakiza HDL. Njia mbili zikitumika kwa kufuatana, kila moja hufagia kile ambacho nyenzake imekiacha. Ukubwa peke yake hautoshi kusafisha, sawasawa na ambavyo hautoshi kutambua.

Kulikuwa na pendekezo la haraka: zungusha plazima kwa 20,000 g, mafuta yaelee, uyatoe kwa juu. Maabara za kawaida hufanya kitu cha aina hiyo zikipata damu yenye mafuta. Nililipinga, kwa sababu nguvu hiyo ndiyo inayotumika kukusanya vifuko vikubwa chini ya mrija. Ungeondoa mafuta ya juu na vifuko vya chini kwa wakati mmoja, halafu ungepima kilichobaki katikati na kukiita matokeo.

Jaribio la siku moja

Kamati ya maadili iliporidhia marekebisho ya mpango wa utafiti, watu wachache wenye afya walialikwa upya. Walifika saa moja asubuhi bila kuwa wamekula tangu usiku, wakatolewa damu. Kisha wakapewa supu ya ng'ombe na chapati. Saa tano wakatolewa tena. Mtu yuleyule, mashine ileile, joto lilelile, mteknolojia yuleyule.

Plazima ya asubuhi ilitoa grafu nyembamba, yenye kilele karibu na ya wagonjwa. Plazima ya saa tano ilitoa mlima ule mpana. Mirija mingine iliachwa imesimama kwenye friji usiku kucha, nyuzi 4, na kesho yake ile ya baada ya mlo ilikuwa na tabaka la krimu juu. Kipimo hicho cha friji ni cha zamani na hakigharimu kitu. Kipimo cha triglisaridi, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, kinachofanyika kila siku hospitalini, kilikubaliana nacho.

Tofauti iliyoanza kuandikwa kama athari ya malaria ilikuwa, kwa sehemu yake kubwa, tofauti kati ya aliyekula na asiyekula.

Wengi wangefunga jalada hapo. Mimi niliona ndiyo kwanza tunafikia sehemu ngumu. Ukimlinganisha mgonjwa wa malaria asiyekula na mtu mwenye afya asiyekula, je, sasa unalinganisha vifuko kwa vifuko? Bado. Malaria kali au ya kawaida hubadili mafuta ya damu yenyewe: triglisaridi hupanda, HDL na LDL hushuka, hata kama mgonjwa hajatia kitu mdomoni. Triglisaridi za mtu asiyekula husafiri hasa ndani ya VLDL, na VLDL ni za nanomita 30 hadi 80. Kwa hiyo, kwenye kipimo cha pili, idadi ya chembe za wagonjwa ilipotokea kuwa juu kidogo kuliko ya wenye afya, mwanafunzi alifurahi kwamba sasa mambo yanaendana na maandiko. Msimamizi naye alifurahi. Nilisikitika kuwapunguzia furaha, lakini ongezeko hilo lingeweza kuwa la ini linalotoa mafuta, na mashine haina namna ya kujua. Matokeo yanayotupendeza yanahitaji kukaguliwa kwa ukali uleule uliotumika kwa yale yaliyotuudhi.

Kukitaja kitu kwa jina lake

Njia ya kutoka hapo ni kutafuta kitu ambacho kifuko kinacho na tone la mafuta halina. Picha za hadubini ya elektroni kwenye barafu zingemaliza ubishi, kwa kuwa kifuko huonekana na utando wake wa tabaka mbili, karibu nanomita 5 kwa unene, wakati lipoprotini ina tabaka moja tu na ndani imejaa. Hadubini hiyo haikuwa karibu nao, na picha chache zisingetosha kuhesabu.

Kingamwili, protini zinazoshika shabaha moja maalumu, zilikuwepo. Desturi ni kutafuta CD9, CD63 na CD81, protini zinazokaa kwenye utando wa vifuko vingi. Hapa nilishauri tahadhari moja ambayo naona huachwa mara kwa mara. Seli nyekundu zilizokomaa hazina protini hizo kwa wingi, na vifuko vyake vinafanana nazo. Anayenasa vifuko kwa alama hizo tatu kisha anauliza swali la malaria anaweza kuwa ametupa vifuko vya seli zilizoshambuliwa na kimelea, yaani vilevile alivyovifuata. Kwa swali lao alama ya haki ni glikoforini A, iliyojaa kwenye utando wa seli nyekundu. Upande wa pili ukapimwa ApoB, protini ya lipoprotini: ApoB-48 hufuatana na kilomikroni, ApoB-100 na VLDL pamoja na LDL. Sampuli ikiwa na chembe nyingi na ApoB nyingi lakini glikoforini kidogo, kuna uwezekano mkubwa kwamba umehesabu mafuta. Glikoforini nayo ina mtego wake, maana damu iliyopasuka wakati wa kutolewa humwaga vipande vya seli nyekundu. Plazima yenye wekundu ilitengwa.

Swali la kufunga lilizua mjadala mrefu kuliko yote, na nadhani ulistahili. Kijana mmoja wa timu alisema suluhisho ni rahisi, wagonjwa wote wakae saa 12 bila kula kabla ya kutolewa damu. Mteknolojia alimkatalia kabla sijafungua kinywa. Sukari ya damu ya mtu mwenye malaria inaweza kushuka, na kwa mtoto jambo hilo huua. Mgonjwa aliyepata hamu ya kula baada ya siku mbili za kutapika hanyimwi uji kwa ajili ya grafu. Walichokubaliana ni kuwaacha wagonjwa waendelee kula kadiri wanavyoweza, kuuliza kila mmoja alikula nini na saa ngapi, na kuwatafuta watu wenye afya wanaolingana nao kwa saa za kukaa bila mlo. Mzigo wa kufunga ukawekwa kwa wenye afya. Mwezi wa Ramadhani, alasiri, Dar es Salaam ina watu wa aina hiyo kila mtaa, ila nao waulizwe walikula daku saa ngapi na daku lenyewe lilikuwa nini.

Miongozo ya jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vifuko hivi, iliyotolewa 2014 kisha ikahuishwa 2018 na 2023, inawataka watu wasitumie jina la eksosomu bila kuthibitisha kilikotoka kifuko, na waeleze sampuli ilichukuliwaje na kuandaliwaje. Mwanafunzi alikuwa ameisoma. Kilichobadilika ni kwamba sasa anaandika neno chembe kila mahali ambapo mashine ndiyo shahidi pekee, na neno kifuko pale tu ambapo glikoforini au alama nyingine imesimama pamoja na mashine. Sura ya matokeo imekuwa fupi kuliko ile ya mwanzo na ninaiamini zaidi. Jaribio la supu limepewa jedwali lake ndani ya sura hiyo, halikufichwa kwenye viambatisho.

Mirija ya kundi la kwanza la wenye afya bado iko kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. Mwanafunzi aliuliza kama itupwe. Ushauri wangu ulikuwa ibaki: mafuta yaliyomo hayazuii kuuliza kuhusu glikoforini A iliyonaswa kwa kingamwili, ilimradi mirija iliyopasuka seli iwekwe kando. Kwa swali la ukubwa haifai tena. Kwenye daftari jipya la sampuli kuna safu mbili ambazo hazikuwepo, rangi ya plazima na mlo wa mwisho, na mteknolojia ndiye anayezijaza kabla mrija haujaingia kwenye sentrifuji.